Kitambaa Nilichokipaka Mafuta

Tulipoiacha tambarare ya ziwa na kuanza kupanda, ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Jeneza la mama mkubwa lingefungwa saa nane. Mjomba alikuwa amepiga simu kutoka Kitura, juu milimani, na kulisema hilo bila kuzunguka: padri ana mazishi mengine jioni, hawezi kusubiri. "Mlete dada yangu kabla ya saa nane. Baada ya hapo ataonyeshwa kaburi tu."

Mama alikuwa kando yangu, mkoba mapajani. Alizaliwa Kitura, akaolewa Ngumbo, huko ziwani, na miaka yote hiyo dada yake, marehemu huyu, ndiye aliyekuwa akishuka kumtembelea. Safari hii ilikuwa zamu yake kupanda. Mimi naishi Mbinga, nafundisha na kulima kahawa kidogo, na alfajiri ile nilikuwa nimeshuka na pikapu yangu ya dizeli kumchukua. Nyuma, juu ya magunia mawili ya usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, alikaa jirani wa mama, mvuvi, aliyeomba lifti hadi Mbinga.

Kwenye kona ya tatu gari lilianza kuchoka. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma kama inayokubali, lakini mwendo haukuongezeka. Nikashuka gia ya tatu, kisha ya pili. Kwenye kioo cha pembeni niliona moshi mweusi mzito, na ndani yake mvuvi akipunga mkono.

"Mwalimu!" alipiga kelele. "Hili gari limeanza kuvuta sigara lini? Utanikaushia usipa mara ya pili!"

Mama hakucheka. "Tutafika, baba?"

"Tutafika, mama."

Nilisimamisha gari mahali palipopanuka, nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

Nieleze kilichonijia kichwani kwanza, maana ndipo nilipokosea, na wengi wenye magari ya zamani watajitambua hapa. Nilimlaumu mtu mwingine. Asubuhi ile nilikuwa nimenunua dizeli ya kwenye dumu huko ziwani, nikajiambia ina maji. Nikafungua koki ndogo chini ya chujio la dizeli, nikakinga kwenye kikombe cha mama cha chai. Ikatoka safi, ya dhahabu, bila tone la maji chini. Nikamwaga, nikakinga tena. Safi. Dakika kumi na tano zilikwenda hapo, na nyingine tano kupampu ili kuondoa upepo ulioingia kwenye mpira wa mafuta.

Tukaondoka. Mita mia mbili tu, moshi uleule.

Mama alitoa simu, akaangalia saa, akairudisha kwenye mkoba. Ningefurahi kama angenigombeza.

Niliposimama mara ya pili nilijilazimisha kufanya ninachowaambia wanafunzi wangu kila siku: usiguse kitu kabla hujajua unachokitafuta. Injini ina mahitaji mawili makubwa, mafuta na hewa. Moshi mweusi maana yake mafuta yanafika, tena ni mengi kuliko hewa ya kuyaunguza. Yakikosa hewa yanatoka kama masizi. Kama ni dizeli iliyokuwa haifiki, injini ingekatakata na kuzimika, nayo haikufanya hivyo. Mshale wa joto ulikuwa mahali pake. Gari likisimama, injini ilinguruma vizuri, kwa sababu hapo haihitaji hewa nyingi. Wakati wa kushuka asubuhi pia haikuhitaji. Mlima ndio uliodai pumzi, na pumzi haikuwepo.

Nilimwomba mvuvi aingie kwenye usukani akanyage mafuta taratibu. Nikainama karibu na boksi la chujio la hewa. Nikasikia mluzi mwembamba, kama mtu anayevuta uji wa moto midomo ikiwa imebana. Nikagusa mpira mnene unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini. Kila alipokanyaga, ulinywea chini ya vidole vyangu.

Nilikumbuka.

Msimu wa kahawa kwetu milimani vumbi huwa halina adabu. Kwa hiyo wenye magari tunavisha chujio la hewa kitambaa chepesi, kipande cha kitenge kilichochakaa, ili kilinde karatasi ya chujio, na kila Jumamosi tunakifua. Wengine hukipaka mafuta kidogo ili vumbi linase. Mimi nilitaka kuwa hodari kuliko wengine. Nilikipaka mafuta ya alizeti, na sikukipaka kidogo. Kisha nikabeba kahawa ya watu wiki mbili mfululizo, nikiegesha karibu na vichanja vya kuianikia, ambako vigamba vyake vyepesi hupeperuka kila mahali, na Jumamosi zote mbili sikukifua.

Nilifungua vibanio vya boksi. Kitambaa kilikuwa kimegeuka kitumbua: mafuta, vumbi na vigamba vya kahawa vimeshikana gamba moja gumu, jeusi, limelala juu ya chujio lote.

Mvuvi alichungulia juu ya bega langu. "Hiki kakipika nani?"

"Mimi."

"Ninyi watu wa milimani," alisema, akitikisa kichwa, "mkipewa hewa ya bure mnaikaanga."

Nilikivua kitambaa. Ili kuwa na uhakika niliwasha gari dakika moja bila chujio, na sauti ikabadilika mara moja, ikawa nzito na huru. Moshi ukapungua mpaka ukawa ukungu tu. Jibu lilikuwa hilo. Lakini sikuweza kuondoka hivyo. Baada ya lami kulikuwa na barabara ya vumbi ya kuingia Kitura, na injini inayovuta vumbi hujisaga yenyewe. Niligonga chujio kwenye tairi, kwa upole, upande mmoja hadi mwingine, vumbi likamwagika. Karatasi ilikuwa nzima. Mafuta yalikuwa yamegusa pembe moja tu. Nikalirudisha, nikafunga vibanio, nikanawa mikono kwa dizeli.

Saa sita na dakika arobaini.

Gari lilipanda. Si kama jipya, ila lilipanda kwa gia ya tatu, na kila kona niliyoimaliza nilitazama kioo kuona kama moshi umerudi. Mbinga, mvuvi aliruka chini kabla gari halijasimama vizuri. Tulishusha magunia yake mbio kama wezi. "Mama, pole sana na msiba!" alipaza sauti. Kwenye vumbi la Kitura simu ya mama iliita. Akasikiliza, akasema, "Waambie wasubiri kidogo," kisha akaikata simu. Sikuthubutu kuuliza.

Tulifika saa nane na dakika saba. Kifuniko kilikuwa kimewekwa, na kijana mmoja alikuwa ameshika nyundo. Mjomba alimshika kijana huyo mkono. Padri akageuka, akamwona mama akija bila viatu, kimoja kilikuwa kimebaki garini, kingine njiani. "Fungueni," alisema.

Nilibaki mlangoni na mikono yangu inayonuka dizeli.

Jioni, wanawake walipokuwa wakigawa ugali, nilikaa karibu na mama na kumwambia ukweli: dizeli haikuwa na kosa, gari lilizibwa na kitambaa changu mwenyewe, kwa uvivu wa Jumamosi mbili. Alinitazama, macho mekundu.

"Nisingemwona, ningekuchukia mwaka mzima," alisema. "Sasa nakuchukia leo tu. Kula."

Akanisogezea mboga.