Bunduki Niliyomchagulia Mwanangu

Namshukuru Mungu kwa nyumba tuliyopata Minto, kitongoji hiki cha ugenini, na kwa utulivu wa nchi hii iliyotupokea. Natanguliza shukrani hiyo kwa sababu yanayofuata hayana utulivu.

Mwaka wa pili wa korona, mwanangu wa kwanza, aliyekuwa akiishi nasi, alijiunga na klabu ya kulenga shabaha. Wenzake wa kazini, kwenye ghala la mtaa jirani wa Ingleburn, ndio waliomwalika. Alipata leseni, ikabaki kuchagua bunduki. Mama yake alipopata habari alisema, "Ikilala humu ndani, mimi silali humu." Sikumlaumu. Tulitoka Kivu tukikimbia watu wenye bunduki. Tena wakati wa kufungiwa majumbani, askari jeshi walikuwa wamebisha mlango wetu pamoja na polisi, kukagua nani yuko nyumbani. Hawakuwa na silaha na walikuwa na adabu, lakini mke wangu alijifungia bafuni mpaka jioni.

Maduka yalipofunguliwa, mwanangu aliniomba nimsindikize. Nilikwenda nikidhani nitamzuia njiani.

Muuzaji, barakoa imemshuka chini ya pua, alilaza bunduki mbili juu ya kaunta. Mwanangu akaishika ile kubwa papo hapo. Risasi yake ilikuwa ndefu kama kidole changu cha kati.

"Utalenga umbali gani?" nikamuuliza.

"Mita hamsini. Karatasi."

"Karatasi imekukosea nini?"

Muuzaji hakujua Kiswahili, ila sauti aliielewa. Akaeleza kwamba ile kubwa ni ya masafa marefu, inasukuma bega kwa nguvu, na anayeanza nayo huzoea kufumba macho kabla ya kufyatua. Ile ndogo, ya kipimo cha ishirini na mbili, risasi yake ilikuwa nyembamba kuliko penseli. Mtu angeweza kupiga mchana kutwa bila kuumia, akajifunza kutulia.

"Ya watoto hiyo," mwanangu akasema.

"Basi inakufaa. Chukua hiyo au turudi."

Alinitazama, kisha akacheka kicheko kibaya. "Sawa, Papa. Umechagua wewe."

Sikulitilia maanani neno hilo. Kwetu, jambo likishachaguliwa na mzee wa nyumba limekwisha, hakuna wa kulifungua tena. Na mimi ni mzee wa kanisa pia. Kibali cha kuinunua kilipotoka, aliileta bunduki pamoja na kabati la chuma, akaanza kutoboa ukuta unaopakana na chumba chetu. Mama yake alipofoka, alimjibu bila kugeuka: "Muulize Papa. Ndiye aliyeichagua."

Kisha akaniita niiombee. "Gari uliliombea. Firiji uliiombea. Hata mashine ya kufulia uliiwekea mikono."

"Mashine ya kufulia haikutufukuza kijijini."

"Na hii je? Imetoka dukani juzi! Mnanichukia mimi kwa dhambi za watu wa kule."

Hapo alisema kweli, na ukweli wake uliniudhi zaidi. Mke wangu alikuwa ameshaketi garini, kitenge begani, akimpigia simu binti yetu anayeishi Fairfield amtandikie kitanda.

Nilimwomba Mungu uvumilivu, nikapata kidogo.

"Niliichagua mimi," nikamwambia, "na mimi ndiye ninayeiondoa. Itafutie mahali pengine, au uende nayo."

"Nitaenda nayo."

"Nenda."

Jioni ile alihamia Ingleburn, kwa mwenzake wa klabu mwenye kabati kama lile. Nikaenda kumfungulia mke wangu mlango wa gari.

"Imeondoka?"

"Imeondoka. Naye pia."

Alishuka, akapita kando yangu bila kunigusa, akaingia jikoni.

Tuliporuhusiwa kusali pamoja tena, mwanangu alikaa safu ya nyuma. Baada ya ibada alimkumbatia mama yake. Mimi alininyooshea kiwiko, kama alivyowanyooshea wageni. Nikampa changu.