Kisiwa Kisicho na Watu

Watu wakiniuliza ile siku ya kuchora kisiwani, ziwani mbele ya bandari ya Sio Port, ilianzishwa na nani, huwajibu kwamba ilianzia kaunta ya forodha hapa mpakani Busia. Nilikuwa kwenye foleni.

Mbele yangu alikuwa mwalimu wa sanaa kutoka Uganda. Alikuwa amekimbia watu wenye bunduki, na alibeba mfuko mmoja na picha aliyoiviringisha. Afisa aliikunjua kwa vidole viwili, kama anayekagua samaki aliyeoza.

"Hii ni nini, mzee?"

"Kisiwa chetu, boss. Nyumbani."

"Nyumba naona, mitumbwi naona. Watu wako wapi?"

Mwalimu alijipangusa uso. "Nimechora vile nilikiacha."

Afisa aliiviringisha tena polepole, kwa mikono miwili.

Jumapili iliyofuata afisa alimpeleka mwalimu kwa mtumbwi hadi kisiwa kidogo cha upande wetu wa Kenya, ambako ukisimama unaona kwao ng'ambo ya maji. Wakachora pamoja, na afisa hajui hata kushika brashi. Ni yeye aliyeweka sheria: kila mchoraji lazima atie mtu mmoja kwenye picha yake.

Sasa tunaenda wengi kila mwaka. Wageni hudhani ni pikiniki. Wanachora wanaume wenye kofia kubwa na kuchekana.

Mwaka huu nilichungulia picha ya mwalimu. Nyumba zipo, mitumbwi ipo.

"Mwalimu," nikamwambia, "umesahau mtu."

"Sijasahau hata mmoja," akasema, akaendelea kuosha brashi.