Marehemu baba "ameshinda" bahati nasibu, mama akataka kuuza bangili zake

Wakuu, heshima zenu. Haya yametokea nyumbani kwetu Msambweni na sijatia chumvi.

Baba alikuwa fundi wa friji kwenye hoteli za Galu na Diani. Simu yake ilikuwa na email ya kazi. Alipofariki, mama hakutaka izimwe. Yuko eda, hatoki nyumbani, na simu ile iko kwenye chaji kando ya kitanda chake.

Alasiri moja ikalia. Mama akanipa nisome.

"Hongera, umeshinda." Bahati nasibu ya kimataifa. Jina kamili la baba, ada ya kutuma kwanza, halafu cheti chenye picha yake, amevaa kanzu, anatabasamu. Kaburini nilishuka mimi mwenyewe kumpokea.

Nilijua ni utapeli. Zawadi inayotaka uilipie ada kwanza si zawadi, hata mtoto mdogo wa chuoni, wa madrasa, anajua. Lakini mama hakuwa akiwaza zawadi.

"Kwani babako alikuwa akicheza kamari, akanificha?"

Mzee wa safu ya mbele msikitini, jamani.

Nikamwambia ni wezi. Hakunisikia. Akavua bangili zake za dhahabu, akaziweka mapajani kwangu.

"Nenda kaziuze, mwanangu, uwalipe wanyamaze. Tumsitiri babako. Watu wakisikia, ni nani atakayemuombea?"

Hapo niliogopa kweli. Nilizoea kusikia matapeli wanamnasa mtu kwa tamaa. Mama walimnasa kwa mapenzi.

Kwa hasira nikareply: huyo mshindi wenu amefariki.

Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini, nami kwa ujinga nikalisoma kwa sauti: "Tumeongea naye leo asubuhi. Amesema mkewe atalipa."

Mama alitazama mlango. Na mimi nikajikuta nimeutazama.

Nikarudi kwenye picha, nikaizoom. Begani kwa baba kulikuwa na vidole vya hina. Ni vya dada yangu, siku ya nikahi yake. Picha hiyo ilikuwa kwenye simu ya dada peke yake, mpaka tulipoikata sisi wenyewe tukaitia kwenye tangazo la tanzia. Tangazo tukalirusha kila grupu, na jina lake kamili. Email yake nayo iko wazi kwenye ukurasa wake wa kazi mtandaoni.

Nikamwonyesha mama tangazo na cheti, kimoja baada ya kingine. Hata mkato ni ule ule. Akalia, akasema alhamdulillah, akavaa bangili zake.

Kwa hiyo wakuu, bahati nasibu usiyoicheza huwezi kuishinda. Ukiona email kama hiyo usijibu hata kwa matusi, maana ukijibu wanajua kuna mtu. Na tanzia zetu tupunguze maelezo. Tunadhani wanaosoma ni waombolezaji tu.

Jana nilitaka kuifuta ile email. Mama akanishika mkono.

"Hilo la kwamba wameongea naye asubuhi," akasema taratibu. "Nalo ni uongo?"

Nikamwambia nalo ni uongo, mama.

Akaniachia mkono, akageukia ukutani. Simu bado iko kwenye chaji.

Nyinyi mngemjibu nini? Karibuni.