Mgeni Asiyesema Mashaallah

Mimi siapi ovyo, muulize yeyote hapa Kiponda atakwambia. Lakini kwa hili naapa. Lilinifika mwenyewe, macho makavu, jua bado halijatua, sina homa wala sikulala. Ukitaka kucheka, cheka. Siku ile hata mimi nilianza kwa kucheka.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa vyetezo. Wenzangu wanakusanya dhahabu, mimi nakusanya vyetezo vya kufukizia udi. Nilikuwa navyo vya udongo kutoka Makunduchi, vya shaba, vya mbao vilivyotiwa nakshi, na kimoja kilivunjika mguu nikakifunga waya kwa sababu sikuwa na roho ya kukitupa. Nikisikia nyumba fulani wanagawana mirathi, mimi nshafika na kikapu changu. Mume wangu, Bwana Haji, alikuwa akisema iko siku sisi tutalala ngazini ili vyetezo vipate kitanda.

Na angekuwa na haki ya kusema, kama chumba cha juu kingejaa vyangu tu. Bwana Haji alinioa akiwa kafiwa na mkewe, na huyo marehemu naye alikuwa na maradhi haya haya ya kukusanya. Sahani za kaure, mabakuli yenye maua, mirashi ya kunyunyizia marashi, vyote vimepangwa kwenye vidaka vya ukutani, vile vishimo vya nyumba za kizamani vya kuwekea mapambo. Nilipoingia nyumba hii bi harusi nilivikuta vimekaa pale juu vinanitazama. Vyangu vikawekwa sakafuni. Miaka yote ile, vya maiti ukutani, vyangu sakafuni. Wewe ungekuwa na moyo gani? Nilimwonea wivu, nakwambia wazi. Mke mwenza aliye hai angalau utamvalia kanga yenye maneno, akuone, na yeye atafute yake ya kukujibu. Aliye kaburini utamwambia nini?

Basi dari likaanza kulia. Fundi akaja, akatazama boriti, akasema uzito umezidi, punguzeni vitu. Mpwa wangu anayekaa Michenzani akanitumia video kwenye simu. Kumbe kuna watu kazi yao ni kufundisha wenzao kupunguza vitu! Unakishika kitu mkononi, unajiuliza kama kinakufurahisha. Kama hakikufurahishi, kitoke. Subhanallah, nikasema, elimu hii ilikuwa wapi siku zote? Nikashika chetezo, kikanifurahisha. Nikashika chengine, vivyo hivyo. Nikashika mrashi wa marehemu, haukunifurahisha. Bakuli lake, ndiyo kabisa. Nikaona kazi imekwisha.

Bwana Haji sikumwambia. Niliwaambia majirani kwamba anayetaka vyombo vya kale aje Jumamosi achukue bure. Ijumaa, siku moja kabla, baada ya alasiri, yeye keshateremka kucheza dhumna na wenzake, mimi niko juu napangusa vumbi, nikasikia hodi.

Hodi moja tu, ya taratibu. Nikaitikia karibu bila kuuliza nani. Akaingia mwanamke wa makamo yangu, kavaa buibui la mtindo wa zamani, ananukia asumini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na hina nzuri, imekolea mpaka kwenye kucha. Wa kulia mtupu. Nikafikiri labda alikatizwa na wageni katikati ya kupakwa, na kwamba kasikia habari za vyombo akaona awahi kabla ya watu wa Jumamosi. Nikamkaribisha akae, hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kidaka akautazama mrashi.

"Mzuri," akasema.

Sasa nisikilize hapa. Sisi tumelelewa hivi: mtu akisifu kitu chako, unamwambia, karibu, chako. Ni adabu tu ya ulimi. Na yeye kwa adabu yake anakujibu, ahsante, kimempata mwenyewe, na kitu kinabaki pale pale kilipo. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Tena mwenye kusifu hutanguliza Mashaallah, kijicho kisiingie. Yule hakusema Mashaallah. Nilipomwambia, "Karibu, wako," alijibu ahsante, akaishia hapo.

Unadhani nilishtuka? Nilifurahi! Nikasema Mungu kaniletea mtu asiye na aibu, kazi yangu itakuwa nyepesi. Akasifu bakuli, karibu. Akasifu sahani, karibu, zako zote. Ikafika hadi namkaribisha kabla hajamaliza kusifu, na akilini nshapandisha vyetezo vyangu ukutani, nshachagua hata kipi kitakaa katikati. Cha ajabu, alikuwa hachukui kitu. Anakigusa tu kwa ule mkono wenye hina, anasogea mbele. Nikadhani atarudi na hamali.

Alipoumaliza ukuta akainama sakafuni, akakigusa chetezo changu cha Makunduchi.

"Kizuri."

Hicho sikutaka kukitoa. Lakini utamkaribisha vipi mtu ukuta mzima, kisha umnyime kilicho sakafuni? Nikasema karibu, chako, nikamkazia macho, nikingoja na yeye aseme kimempata mwenyewe. Akasema ahsante. Akagusa kile cha shaba. Karibu. Cha mbao. Karibu. Niamini, nilitaka kunyamaza na ulimi haukutaka. Ulimi umefundishwa tangu nikiwa sijui kufunga ushungi, nao ulikuwa unakwenda wenyewe huku ini langu likikatwa vipande. Hata kile chenye mguu wa waya alikisifu, na hata hicho nikamkaribisha. Nilimchukia yule mwanamke kama sijapata kumchukia mtu, na mdomo wangu unamwambia karibu.

Ndipo tukasikia hatua kwenye ngazi. Bwana Haji anapanda, na kikohozi chake nakijua. Yule mwanamke akainua uso, na ule uso uliokuwa mkavu muda wote ukalainika. Nilimwona anavyousikiliza ule mwendo, ngazi kwa ngazi, kama mtu aliyeuzoea.

"Na huyu," akasema, "mzuri."

"Ka..."

Lilikuwa lishaanza kutoka. Niliuma ulimi, wallahi, nikaonja damu. Nikajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, na nilipoweza kusema nikamwambia, "Huyu hagawiwi. Huyu wangu."

Alinitazama kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. "Na vile vya kwanza ulivyonikaribisha," akasema, "vilikuwa vyako?"

Nikakaza kanga yangu kiunoni.

Mlango ukafunguka, Bwana Haji akaingia. Niligeuka kumtazama yeye, nikageuka tena kumtazama mgeni, hayupo. Chumba kile hakina mlango mwengine, na dirisha lake lina nondo. Vidaka vyote vitupu. Sakafu tupu. Palipokaa kila kitu pamebaki alama safi katikati ya vumbi, basi.

Bwana Haji hakuuliza vitu vimekwenda wapi. Alisimama, akanusa, akaniuliza nani alikuwa hapa. Nikasema mgeni. Akasogea kwenye kile kidaka cha mrashi, akaweka kiganja juu ya ile alama, akatabasamu. Mwenzangu, mimi nimeishi na mwanamume huyu, nimempikia, nimemuuguza, nimemkanda miguu. Tabasamu lile sijapata kupewa hata siku moja.

Nikashuka ngazi nalia. Chini nikamkuta Bi Kidawa, jirani yetu, mtu mzima, kakaa mlangoni anachagua mchele. Aliapa kwamba tangu alasiri hajabanduka pale na hakupanda mtu yeyote ila mume wangu. Nikamweleza yote, buibui, asumini, mpaka nikafika kwenye mkono mmoja wenye hina. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu," akasema, "marehemu nilikuwa nampaka hina mimi, ya harusi ya mdogo wake. Nilimaliza mkono wa kushoto. Wa kulia hatukuwahi. Na mimi ndiye niliyemwosha, nayo hina haikutoka."

Tangu siku hiyo chumba cha juu ni kitupu. Dari halilii tena. Mpwa wangu alipokuja alikisifu sana, akasema nyumba imepata pumzi, nikamtolea macho mpaka akanyamaza. Nshajaribu kununua vyetezo vyengine. Nikikipandisha chetezo pale juu, asubuhi nakikuta chini mlangoni, kimewekwa vizuri, hakikuvunjwa, mahali mtu anapowekewa kitu chake akija kukichukua aende nacho.

Mume ninaye, usije ukadhani. Anakula kwangu, analala kwangu. Lakini kila Alhamisi, siku ya kuwarehemu maiti, baada ya alasiri hachezi dhumna tena. Anapanda kule juu, anakaa peke yake akielekea vile vidaka vitupu, na akishuka ananukia asumini. Nikimuuliza ananiambia hamna kitu. Mimi najua kuna nini. Nilitoa nusu ya neno, na nusu ya mume imekwenda nalo.

Kwa hivyo wewe unayepunguza vitu nyumbani kwako, punguza. Lakini toa vyako, vya mwenzako viache mpaka akuruhusu, hata akiwa chini ya udongo. Na mtu akikusifia kitu asiseme Mashaallah, uume ulimi kabla, usingoje kuuma kama nilivyouma mimi, katikati ya neno. Mtaani sasa wananiita bahili, sina karibu. Waniite.

Na ukiniuliza kama bado namwonea wivu maiti, namwonea. Leo si Alhamisi? Sikiliza hapo juu. Bwana Haji anacheka.