Mwalimu Sekela Alinikuta Kwenye Gari la Mizigo

Usiku ule nililala na buti miguuni, maana nilikuwa na hasira za kuvunja kitanda cha watu.

Uvumilivu ulikuwa umeniishia mchana. Sisi ni klabu ya pikipiki ya Mbeya, watu saba, na tulikuwa tumekwenda kuzunguka milima ya Alpi kwa pikipiki za kukodi. Siku ya kwanza tu, mwenyekiti wetu, kaka Ambokile, alimwambia kiongozi wa msafara, mzungu mmoja mrefu aitwaye Anton, kwamba mimi nimeacha mtoto mdogo nyumbani, kwa hiyo kona zile hazinifai. Nikapandishwa gari la mizigo. Pikipiki yangu ikafungwa kamba kwenye tela, nikawa naitazama kwenye kioo cha pembeni kutwa nzima. Siku ya tatu tukasimama kupumzika. Ambokile akavua helmeti, akaniambia mbele ya wote, "Mama Neema, hebu tumiminie chai basi, wenzio tumetoka vitani."

Nilimwaga chupa nzima ya chai barabarani.

"Wewe una watoto watatu," nikamwambia. "Wa mwisho bado ananyonya. Nani alikuuliza?"

"Mimi mwanaume, shemeji."

Wakacheka. Anton naye akacheka, na hata hakuelewa.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, ya kuvuka kilele. Ukiikosa hiyo, umekwenda Ulaya kulinda mabegi.

Basi nikalala, nikamwona Mwalimu Sekela.

Mwalimu Sekela alinifundisha fizikia kidato cha tatu kule Tukuyu, na jioni akanifundisha kuendesha pikipiki yake kwenye uwanja wa shule. Alifariki wiki niliyomzaa Neema. Sikwenda kumzika, nilikuwa wodini. Usiku ule alikuja bila hodi. Nilisikia kengele za ng'ombe wa mlimani, kisha si ng'ombe tena, ni rimu ya lori inagongwa, kengele ya shule yetu, nami nimechelewa. Nakimbia koridoni, na koridoni kumejaa theluji. Naiokota, nainusa. Ni vumbi la chaki.

Mara niko kwenye gari la mizigo. Mwalimu yuko mbele yetu juu ya pikipiki yake nyekundu, kitenge kiunoni, sweta lile la kijani lililotoboka kiwiko. Anapanda kona moja baada ya nyingine, taratibu, na kila kona anageuza shingo mapema kutazama anakotaka kutokea. Nagonga kioo. Hageuki. Gari letu halina dereva, na wala siogopi. Ukungu ni wa Tukuyu, migomba imesimama kwenye barafu, na chini kabisa bondeni naona kanisa la kizungu lenye mnara mwembamba kama kalamu.

Kisha tumekaa darasani. Darasa liko ukingoni mwa barabara, upande wa bonde halina ukuta. Neema wangu yuko dawati la mbele, miguu haifiki chini, anatafuna chaki. Mwalimu anarudisha karatasi za mtihani. Ambokile amepata. Wote wamepata. Yangu inarudi haina alama, haina hata mkwaruzo wa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, nimejibu yote."

"Karatasi isiyo na jina siisahihishi. Nilikwambia kidato cha tatu."

Naitazama. Juu imeandikwa Mama Neema.

"Si ndiyo mimi huyo?"

Akavua miwani. "Huyo ni mama wa huyu," akasema, akimfuta Neema chaki mdomoni kwa ncha ya kitenge. "Mtoto nimemwona, hana shida. Wewe nani?"

Nafungua mdomo, jina halitoki. Nalijua, ila limekaa ng'ambo ya kona.

"Unatazama wapi?" ananiuliza. Lile swali lake la uwanjani. Nageuza shingo.

Nikaamka. Kumekucha, buti zimenibana, na jina langu liko mdomoni.

Nilishuka mapokezi. Mlangoni walikuwa wamebandika orodha ya siku: majina sita ya madereva, na chini yake, "Mama Neema, gari." Nikaomba kalamu na fomu ya malalamiko. Ambokile akanikuta naandika.

"Mama Neema, haya mambo ya nyumbani bwana. Tuyamalize wenyewe."

"Nilikupa siku tatu uyamalize."

Nikamkabidhi Anton mkononi, mkate ungali mdomoni mwake. Niliandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Kwa Kiswahili inasema hivi:

*YAH: MALALAMIKO YA KUNYIMWA PIKIPIKI*

*Nina leseni halali na fomu yenu imeniandika dereva. Kwa siku tatu nimewekwa kwenye gari la mizigo kwa sababu nina mtoto. Wanaume wanne wa msafara huu wana watoto, na hakuna aliyeulizwa. Sijakosea kona hata moja, kwa kuwa sijapewa kona. Nataka pikipiki yangu ishushwe kwenye tela kabla hatujaondoka leo. Kama mna shaka, Anton anifuate nyuma kona kumi za kwanza, ndipo aseme. Orodha ya mlangoni nayo ibadilishwe. Mtoto yuko kwa bibi yake, hajambo.*

*Dereva,*
*Atupele Mwaisaka*