Nilitoa Mahari Yangu Kumponya Mbwa wa Bwana, Sasa Anataka Niseme Nilidanganya

Aliyetuandikia kisa hiki ametuomba tufiche jina lake na la mwajiri wake. Maneno ni yake mwenyewe. – Mhariri

Wasomaji wenzangu, assalaam alaykum. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Msambweni, na kazi yangu ni upishi katika nyumba ya Mzungu mmoja huku Diani. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnisamehe kalamu ikiteleza.

Mwaka jana bwana na memsahib walikwenda kwao Ulaya kupumzika, wakaniachia nyumba na mbwa wao, Reksi. Siku ya kuondoka bwana aliniambia, memsahib akisikia, "Mtunze kama mtoto. Likimpata lolote, fanya linalopasa, nami nikirudi nitakulipa." Mimi ni Mwislamu, na mbwa sikuwahi kumfuga. Lakini tulibaki wawili tu katika nyumba kubwa ile. Akawa ananingoja mlango wa jikoni, na mimi, sitaficha, nikawa nazungumza naye.

Asubuhi moja alimfukuza nguruwe mwitu kichakani nyuma ya nyumba. Alirudi akitambaa, tumbo limepasuliwa, utumbo unaonekana. Nilimfunga kwa shuka la kitanda changu, nikafungua sanduku nikachukua akiba yangu yote, maana nilijua mtu kama mimi hakopeshwi. Zilikuwa pesa za mahari. Kisha nikambeba hadi barabarani. Basi lilikataa kutuchukua. Mwenye lori la nazi alikubali, ila alinitoza nauli ya watu watatu, kwa kuwa, alisema, hakuna abiria atakayekaa karibu nami.

Mombasa, kwa daktari wa wanyama, karani wa mlangoni hata hakumtazama mbwa. Alinitazama mimi, kikoi changu kimelowa damu.

"Mbwa wa nani?"

"Wa bwana wangu."

"Yuko wapi?"

"Ulaya."

"Basi nani atalipa?"

Nikamwambia bwana atalipa akirudi. Akasema daktari hashiki kisu kabla ya pesa, na kwa aliyekuja bila miadi malipo ni maradufu: shilingi mia moja na arobaini. Huo ni mshahara wangu wa karibu miezi miwili. Mbele yangu pale pale, mama mmoja wa Kizungu alichukua paka wake aliyetibiwa, akaambiwa hesabu ataletewa nyumbani. Mimi nilitakiwa nilipe papo hapo, huku mnyama anatoka damu sakafuni. Nikalipa.

Mbwa alishonwa, akapona. Niliporudi nilijitwaharisha kwa maji na mchanga, kama dini inavyomtaka aliyegusa mbwa, kisha nikaenda kumwomba baba wa mchumba wangu harusi ingoje hadi bwana arudi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu amewekwa nyuma ya mbwa."

Bwana alirudi. Memsahib alimkumbatia Reksi akalia, akanipa mkebe wa biskuti. Nilipompa bwana stakabadhi ya daktari, aliisoma akacheka. "Nilikuambia umtunze, sikukuambia umpeleke hospitali. Mbwa mzee huyu. Kwa pesa hizi ningenunua wawili wapya." Nikamkumbusha ahadi yake. Memsahib akageukia dirishani, na bwana akaitia stakabadhi mfukoni mwake. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuiona.

Nilinyamaza miezi, nikipika, nikiandaa, nikiitikia "ndiyo bwana". Wiki jana walikuja wageni wa chakula. Mmoja aliona kovu la Reksi akauliza. Bwana akajibu kwamba yeye mwenyewe alimkimbiza kwa daktari Mombasa, na gharama hakuijali, kwani mbwa ni jamaa wa nyumbani. Kiingereza changu si kingi, lakini hayo niliyaelewa. Wageni wakamsifu.

Niliweka samaki mezani nikasema kwa Kiswahili, ambacho wote wanakijua, "Bwana ulikuwa Ulaya. Aliyempeleka ni mimi, na aliyelipa ni mimi."

Nikarudi jikoni. Kesho yake bwana aliniita. "Umeniaibisha. Watu wale wale watarudi hapa Krismasi. Utasimama mbele yao useme ulikuwa umelewa ukadanganya. Ukisema, nitakulipa pesa zako zote. Usiposema, funga mizigo yako."

Pombe sijaionja tangu nizaliwe. Naye anajua.

Nilimwendea mjomba. Akaniambia, "Sema, upokee, uoe. Wazungu wanne wakikudhani mlevi, wewe watakupunguzia nini?" Labda ni kweli. Lakini nikiwa peke yangu najaribu kuyatamka maneno yale, na kinywa kinakataa. Pesa ni zangu. Kwa nini nizinunue kwa jina langu?

Juzi mchumba wangu alinitumia salamu kwamba kuna mtu wa Lunga Lunga ameleta posa, na baba yake hatangoja kupita mwaka mpya. Hakuniambia niseme wala nisiseme. Alituma hayo tu.

Nikikubali, nitamwoa nikiwa mwongo na mlevi machoni pa watu. Nikikataa, sina kazi, sina mahari, na yeye ataolewa na mwingine. Nyinyi mlio na wake na mlioshika dini, niambieni: siku ya Krismasi nikisimama mbele ya wageni wale, niseme nini?