Nilimzuia Mdogo Wangu Kumwosha Mama

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie kichaka cha kujifichia. Usiseme nilichanganyikiwa na msiba. Sikuchanganyikiwa. Akili zangu zilikuwa timamu, ndiyo maana nimekasirika hivi.

Mimi ni mama wa makamo, nauza unga na maharage sokoni hapa Songea, nyumbani ni Mshangano. Asili yetu ni Wayao wa Namasakata, kule Tunduru. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike. Nitamwita Zuhura, ingawa siyo jina lake. Yeye yuko Dar es Salaam miaka mingi, mimi nimebaki na mama.

Kubaki na mama maana yake nini? Mama alipigwa kiharusi, upande mmoja ukafa. Kumgeuza ni mimi, kumlisha ni mimi, kumwogesha ni mimi. Na kila asubuhi nikimwinua, anauliza, "Zuhura kapiga simu?" Haulizi kama mimi nimelala. Anauliza Zuhura.

Haya, na Zuhura mwenyewe. Kazi yake huko mjini ni kupanga safari za wataalamu wa migodi, wanaokuja huku kwetu kwenye makaa ya mawe. Anawakodia ndege. Kila akipiga simu ni ndege. "Dada, leo nimepeleka watu Songea asubuhi, jioni wamesharudi." Mimi niko na ndoo mkononi, nimetoka kufua mashuka ya mama, naambiwa habari za ndege. Nikawa namjibu, "Hongera," halafu nakata.

Aliwahi kunieleza vizuri tu, mimi ndiye sikutaka kusikia. Alisema, "Dada, watu wanadhani ndege ya kukodi ni ya kujionyesha. Siyo. Ni kama wewe unavyokodi Kirikuu kupeleka magunia sokoni. Hungoji ratiba ya mtu. Unasema wewe tunaondoka saa ngapi, inakusubiri umalize shughuli yako, inakurudisha." Nikamwambia mimi sina magunia ya kupeleka mbinguni. Nilijiona mjanja sana.

Mama akafariki alfajiri. Innalillahi. Nilimpigia Zuhura kabla hata majirani hawajajaa. Alilia mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Ndege ya abiria siku hiyo haikuwepo, na basi hata angeliwahi angefika usiku. Nikajua hapo basi, mama atazikwa yeye hayupo.

Baada ya muda akapiga tena. Sauti imekaa sawa. Akasema, "Dada, Mungu mkubwa. Kuna ndege ilikuwa inakuja Songea leo mchana kuwachukua watu wangu, inakuja tupu. Nimemwomba bosi, wamekubali iondoke asubuhi hii. Kabla ya adhuhuri nitakuwa Ruhuwiko uwanjani. Rubani atanisubiri mpaka alasiri. Mwambie mjomba tuzike baada ya adhuhuri. Dada, nisubirini nimwoshe mama. Tumwoshe mimi na wewe."

Nikasema, "Sawa."

Wanawake wenzangu mnajua uzito wa jambo hilo. Sisi makaburini hatuendi. Fungu la binti ni kumwosha mama yake. Ukilikosa hilo, huna lingine.

Nami nilijua. Nilikaa kwenye kigoda jikoni, simu mkononi, hasira ikanipanda kutoka miguuni. Miaka yote hiyo niko na mama peke yangu, halafu yeye ashuke na ndege siku ya mwisho, watu wote wamtazame, "Zuhura kaja na ndege," na mimi nionekane mtumishi aliyekuwa anashikilia nafasi yake. Sikusema hivyo kwa mdomo, lakini moyoni nilisema neno kwa neno.

Mjomba akafika kutoka Namtumbo. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, msiba ni wake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akauliza jambo moja tu. "Mdogo wako kasemaje? Tumsubiri?"

Muda huo Zuhura yuko angani. Simu yake imezimwa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo.

Nikamjibu, "Kakosa usafiri, mjomba. Amesema tuendelee."

Mjomba akatikisa kichwa. "Masikini. Basi tusimweke marehemu bure. Tuzike kabla ya adhuhuri." Akatoka nje kuwaambia wanaume. Imekwisha. Maneno machache tu, wala sauti yangu haikutetemeka. Nikaingia ndani, nikazima simu yangu, nikaichomeka chini ya godoro.

Tulimwosha mama mimi na bibi wawili wa jirani. Maji yalikuwa ya vuguvugu, kuna udi, kila kitu kilikuwa sawa. Bibi mmoja akasema, "Mdogo wako angekuwepo angekusaidia huku upande wa pili." Nikamwambia anipe kata. Sikulia hata tone, nikawa naharakisha tu. Mama yangu mzazi, na mimi naharakisha kama nimeacha chungu motoni.

Wanaume wakabeba jeneza, wakaondoka. Sisi tukabaki uani na vilio. Haukupita muda, tukasikia mngurumo juu. Ndege ndogo nyeupe ikapita upande wa Ruhuwiko, inashuka. Jirani yangu akainua kichwa akasema, "Leo siyo siku ya ndege. Mkubwa gani huyo anakuja?"

Nilitaka kuinuka. Nasema kweli, kulikuwa bado na nafasi. Ningemtuma mtu na bodaboda makaburini awaambie wangoje, wasishushe. Angalau angeonyeshwa uso. Nikakaa. Nikajifanya najifuta machozi ambayo hayakuwepo.

Bajaji ikasimama mlangoni. Zuhura akashuka anakimbia, kibegi kidogo begani. Na alikuwa na uso wa mtu aliyewahi! Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Alipita katikati ya watu anafunga kanga kiunoni, anakunja mikono ya gauni, akanishika bega akaniuliza, "Dada, simu yako imeisha chaji? Nimepiga sana. Maji mmeshapasha?"

Akatazama mlango wa chumba cha mama, uko wazi, kitanda kimeinuliwa ukutani. Akatazama mkeka, akanitazama mimi.

"Wameondoka naye?" akauliza, taratibu tu.

Bibi mmoja akamkumbatia, wakaenda chini wote wawili. Mimi nilisimama palepale.

Wanaume wakarudi. Mjomba alipomwona alishtuka. "Zuhura? Umefikaje wewe?"

"Shikamoo mjomba. Kwa ndege."

"Marahaba. Ndege? Si umemwambia dada yako umekosa usafiri, tuendelee?"

Zuhura akageuka, akanitazama. Akanitazama mpaka nikaangalia miguu yangu. Nilijua sasa yananikuta. Nilikuwa hata nimeandaa la kusema, kwamba simu ilikuwa inakatakata, sikusikia vizuri.

Akamwambia mjomba, "Ndiyo mjomba. Nilisema. Usafiri ulipatikana baadaye."

Mjomba akafura. Mzee yule hasira zake zinajulikana. "Yaani ndege unaipata, simu ya kutuambia tungoje huipati? Umekuja kutuonyesha nini hapa? Mama yako tumeshamfukia." Akamsema mbele za watu wote, na watu wakaguna. Nikasikia mmoja nyuma yangu anasema, "Amekuja na ndege kula ubwabwa wa msiba." Mwingine akacheka kidogo.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama umbali wa kumshika mkono. Mtoto wa mama yangu anatukanwa kwa uongo wangu, ananificha, na mimi nanyamaza. Hilo la pili naliona kubwa kuliko lile la kwanza.

Kijana mmoja wa pale mtaani alimpeleka barabarani, akamwonyesha kaburi kwa kidole. Zuhura alirudi, akakaa nami kwenye mkeka hadi muda wake ulipokaribia. Ile ndege ilikuwa inamsubiri kama alivyosema, wala hakuna aliyemharakisha. Kila alichoniambia kuhusu ndege hiyo kilikuwa cha kweli. Iliondoka alipoitaka iondoke, ikatua alipotaka itue, ikamngoja amalize. Kitu hicho kilikuwepo duniani kwa ajili ya siku kama ile, kikamleta mtoto kwa mama yake kwa wakati, na mimi nikakiharibu nikiwa nimekaa kwenye kigoda.

Kabla hajainuka aliniuliza, hakunitazama. "Nani alimfumua mama nywele?"

"Mimi."

"Mama hapendi kuvutwa kichwa."

"Sikumvuta."

"Alhamdulillah," akasema. Akavaa viatu, akaondoka.

Tangu siku hiyo tunaongea kama watu wa ofisi. Nikimwuliza hali, anajibu nzuri. Nikimtumia salamu, anajibu "sawa dada". Hela ya kunisaidia bado anatuma, hata hajapunguza. Ningekuwa na nafuu angenitukana.

Kwenye arobaini hakuja. Tumekaa na shughuli yetu, hitima imesomwa, sahani zinapangwa, mtu akauliza kama tumngoje Zuhura. Mjomba akasema, "Yule wa ndege? Yule atafika tukishanawa mikono." Watu wakacheka. Siyo kwa ubaya, ndivyo watu walivyo, ameshakuwa kichekesho cha ukoo. Mimi tonge lilikuwa mkononi. Nikalirudisha kwenye sahani.

Nikamwita mjomba nyuma ya nyumba, nikamweleza yote. Nikamwambia kuhusu simu aliyonipigia Zuhura, kuhusu yangu niliyoificha chini ya godoro, kuhusu ndege niliyoisikia nikakaa. Nilitegemea anizabe kofi, na ningelipokea. Hakunizaba. Alikaa kwenye jiwe la kufulia, akavua kofia, akasema, "Mimi nimemtukana yule mtoto mbele za watu." Alisema hivyo tena na tena, mpaka nikamwomba anyamaze.

Halafu akataka simu. Nikampigia Zuhura, nikampa. Mjomba, mzee wa miaka ile, akamwomba msamaha mtoto wa dada yake, analia. Nilimsikia Zuhura anauliza, "Nani kakwambia, mjomba?" Akajibiwa, "Dada yako mwenyewe." Kisha akasema apewe dada.

Nikaweka simu sikioni. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Kwa nini?"

Nina sababu zote nilizokuandikia hapo juu. Nilichoka, niliona wivu, mama aliuliza jina lake kila asubuhi. Nilipotaka kuzisema kwa mdomo, kwa mtu niliyemfanyia, zote zilikuwa za kipumbavu. Nikabaki nahema tu kwenye simu. Akasubiri. Akasubiri sana kwa kweli. Mwisho akasema, "Ukipata jibu, nipigie," akakata. Sijampigia mpaka leo, kwa sababu jibu ninalo na linanitia aibu.

Sasa wewe unayesoma, uliyebaki nyumbani na mzazi, nakujua. Najua umechoka. Najua yule wa mbali anasifiwa kuliko wewe. Mgombeze. Mwambie ukweli mzazi akiwa hai, mwambie njoo na wewe ushike ndoo hii. Mimi sikumwambia hata siku moja, nilikuwa nasema "hongera", hasira naiweka akiba.

Na akikuambia anakuja, peleka ujumbe kama ulivyopewa. Iwe anakuja kwa basi, kwa pikipiki au kwa ndege aliyoikodi, hilo halikuhusu. Kama muda utapita, wazee wataamua, mtazika, na sheria itakuwa upande wenu. Lakini asichelewe kwa sababu ya mdomo wako.